Kibuyu Kisilale na Kitu

Nyumbani kwa Rwegoshora kulikuwa na sheria moja ambayo hata mbuzi waliijua: kibuyu hakilali na kitu. Muramba, ile juisi tamu ya ndizi za embire, ukikamuliwa asubuhi ni kinywaji cha watoto na wachungaji. Ukiachwa ukalala, kesho yake unauma ulimi, na keshokutwa ni pombe hata kama hukutia punje ya mtama. Kwa hiyo kilichokamuliwa alfajiri kilipaswa kwisha kabla chemli haijawashwa. Aliyeiweka sheria hiyo ni Anatolia, mke wa nyumba, na hakuiweka kwa kupenda ubabe.

Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa kaburini. Baba yake, mzee Byarugaba wa Rugera, alikunywa rubisi, pombe ya ndizi, mpaka ikawa haimtoshi, akahamia kwenye gongo, akafa tumbo limejaa maji na macho yamekuwa ya njano. Anatolia, msichana mbichi wakati huo, ndiye aliyeifuta ile maiti. Alitoka pale ameapa kwamba haolewi na mtu anayenusa pombe, na katika Karagwe ya siku zile hicho kilikuwa kiapo cha kuzeekea kwa kaka. Rwegoshora wa Nyakasimbi alikunywa kama wenzake wote. Lakini alimpenda msichana yule, basi akaenda kwenye mkutano wa uamsho wa Walutheri, akaokoka, akauvunja mrija wake mbele ya watu. Wenye midomo walisema ameokokea sketi. Huenda ni kweli, lakini alidumu katika wokovu huo miaka yote, na wenye midomo wenyewe wakaja kumkuta humo humo.

Mwanamume aliyeacha pombe, aliwaza Anatolia, lazima awe na kitu mkononi, la sivyo mkono wenyewe utakwenda kukitafuta. Basi kila alfajiri alimenya embire zilizoivia shimoni, akazitia kwenye beseni pamoja na nyasi, akazifinya na kuzikamua mpaka povu likapanda na juisi ikashuka. Alichuja, akajaza kibuyu kikubwa, akachomeka mrija, akampa mumewe aende nacho kazini. Jioni alikipokea mlangoni na kukipindua juu chini. Kikiwa kikavu, moyo ulitulia. Siku moja, mwaka ule wa kwanza wa ndoa, kilirudi na kidogo. Uso wa Anatolia ulisema yote. Tangu siku hiyo hakikurudi na kitu tena.

Miaka ikapita. Vita vya Amini vilikuja vikaondoka, bei ya kahawa ilipanda ikashuka, na Rwegoshora akaliacha jembe akawa mpimaji kwenye ghala la kahawa la kijiji, kazi ya kukaa kitini na kutazama mshale wa mizani. Tumbo likaanza kumtangulia mlangoni. Watu wa Nyakasimbi, ambao hawamwoni mtu kuwa mzima mpaka awe mnene, walifurahi kupita kiasi. "Mama Kokwijuka anajua kulisha!" walisema, Kokwijuka akiwa binti yao wa kwanza, na Anatolia alijifanya hasikii huku akitembea kwa madaha kidogo. Mkanda ulipoishiwa matundu, fundi viatu alitoboa jingine. Kanisani wakamfanya mzee wa kanisa, na kweli tumbo lile lilipendeza kwenye benchi la mbele.

Kiangazi cha mwaka 1987 Rwegoshora alianza kuchoka. Alirudi kutoka ghalani akakaa kwenye kigoda kama mtu aliyelima shamba zima, kumbe hajashika hata jembe. Kiu ilimshika isiyokwisha. Usiku aliamka kwenda haja ndogo, akarudi, akaamka tena. Kisha ukaja uzito fulani chini ya mbavu za kulia, ambao hakuuita maumivu ila aliushika kwa kiganja kila alipoinama. Anatolia alikitazama kiganja kile na roho yake haikumpa raha. Baba yake naye alikuwa akishika papo hapo.

Wakaenda hospitali ya misheni. Daktari alikuwa kijana, aliyechoka, mwenye foleni ndefu mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari."

Akamlaza, akamkandamiza tumbo kwa vidole, akasikiliza kama mtu anayebisha hodi. "Ini limekua," alisema. "Mzee, unakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Sinywi, daktari. Nimeokoka."

Daktari alicheka kwa pua. "Wodi hii yote imeokoka. Lakini ini halidanganyi, mzee. Acha pombe, la sivyo wanao utawaacha wadogo."

Anatolia alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, akayasikia yote. Kwenye kitanda cha pili Placidia alikuwa anamuuguza mama mkwe wake, naye akayasikia yote. Placidia alikuwa mmoja wa waliookoka, dada wa ushirika wao, na hakuwa mtu mbaya. Habari tu zilimwasha mdomoni kama pilipili, hakuweza kukaa nazo. Walipofika nyumbani, salamu za majirani zilikuwa zimeshaanza kupoa.

Anatolia hakutaka kuamini. Nataka hilo lijulikane, maana baadaye watu walisema alikuwa mwepesi kumgeuka mumewe, na huo ni uongo. Alipigana na lile neno kwa siku nyingi. Alimnusa mumewe akilala, lakini pumzi ilinuka ndizi mbivu, na pua ya mtu haiwezi kujua kama ndizi hiyo ni muramba au ni mdogo wake muramba aliyelala. Alipekua chini ya kitanda, ndani ya gunia la maharage, darini. Hakupata kitu. Alianza kupumua.

Kisha siku moja, akikata majani nyuma ya nyumba, aliwaona sisimizi. Walikuwa wamejipanga msururu mnene kutoka kwenye kichuguu mpaka chini ya mgomba mmoja, na pale chini udongo ulikuwa na unyevu ilhali mvua haijanyesha. Walipanda juu ya wenzao, walisukumana, kama walivyofanya zamani kule Rugera kwenye machicha aliyomwaga baba yake. Anatolia alisimama na panga mkononi. Mgomba ule ndio aliouendea mumewe kila alipotoka nje. Alijua anakwenda kukojoa, nani asiyejua, lakini sisimizi na mkojo wapi na wapi? Hapa panafichwa kitu, aliwaza, na kinachobaki kinamwagwa. Akachimbachimba na panga asione kibuyu, na hata hilo halikumtuliza. Mlevi aliyejificha miaka kumi na zaidi hawezi kukosa akili ya kuhamisha chombo.

Jioni ile alimpokea mumewe kibuyu, hakukipindua.

"Baba Kokwijuka, nimepaona unapomwaga."

"Ninapomwaga nini?"

"Waulize sisimizi."

Rwegoshora alicheka, akidhani ni utani. Kicheko kile kilimchoma mke wake kuliko matusi.

"Anatolia, sijanywa. Naapa mbele ya..."

"Usiape! Baba naye aliapa. Aliapa akiwa na gongo chini ya mto." Machozi yakaanza, akayafuta kwa hasira kwa sababu hakutaka kuonewa huruma. "Sitafuta maiti ya mlevi wa pili. Alhamisi simama mbele ya ndugu useme. Usiposimama, Ijumaa mimi niko Rugera kwa kaka, na watoto naondoka nao."

"Unataka niseme nini?"

"Ukweli."

"Ukweli nimeshausema."

"Basi sema mwingine!"

Akaingia jikoni. Rwegoshora alibaki mlangoni na kiganja chake chini ya mbavu, akawatazama watoto wakifukuza kuku waingie ndani. Alimpenda mwanamke huyu kuliko jina lake mwenyewe, na ndiko kosa lake lilikoanzia.

Kila Alhamisi alasiri waliookoka walikutana nyumbani kwa mwinjilisti Ndyamukama, mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Desturi yao ilikuwa kutembea nuruni: aliyekosa husimama, huitaja dhambi yake kwa jina, ndugu huimba na kumkumbatia, mambo yamekwisha. Anayekaa kimya huonekana ameficha jiwe kifuani, hata kama hana la kutaja. Alhamisi ile kila mtu alijua nani anangojewa. Rwegoshora alisimama.

"Ndugu zangu, nimekuwa nikinywa. Kwa siri."

"Unakunywa nini, ndugu?" aliuliza Ndyamukama, maana dhambi isiyo na jina haihesabiwi.

Alisita, kama mtu anayetafuta jina la mtoto wa jirani. "Rubisi."

"Wapi?"

Akamtazama mkewe. "Nyuma ya nyumba. Chini ya mgomba."

Wakaimba, wakapiga makofi, wakamkumbatia mpaka shati likalowa machozi yao. Anatolia alilia kuliko wote, na yalikuwa machozi ya furaha kabisa, ya mtu aliyetuliwa mzigo. Placidia alimshika kiuno wakaruka pamoja. Rwegoshora alivuliwa uzee wa kanisa na kuwekwa mbali na meza ya Bwana mpaka ndugu waridhike naye. Aliyapokea hayo kwa upole, na upole wake wakauita tunda la toba.

Sasa angalieni upendo unavyoweza kufanya kazi ya adui. Anatolia alijiambia: huyu ameacha pombe upya, kiu yake itakuwa kubwa. Akaongeza kibuyu cha pili. Kimoja cha kwenda nacho ghalani, kingine cha kumngoja nyumbani, na vyote viwili jioni vilipinduliwa juu chini vikawa vikavu. Na kwa kuwa kiu ile ya ugonjwa haikuwa imemwacha, Rwegoshora alivuta mrija bila kulalamika.

Mvua za vuli ziliponoga, alianguka mbele ya mizani, mkulima mmoja akiwa bado ameshikilia gunia lake. Walimpandisha kwenye lori la kahawa mpaka hospitali. Safari hii alimkuta daktari mwingine, mama wa makamo mwenye miwani, asiye na haraka hata wagonjwa wangepiga kelele. Huyu hakuanza na maswali ya dhambi. Alimzungushia kiunoni utepe wa fundi cherehani, akatikisa kichwa. Akampima presha, akatikisa tena. Akachukua mkojo wake, akautia matone kwenye kichupa chenye dawa ya buluu, akakishika kwa koleo juu ya moto. Buluu ikageuka kijani, kijani ikawa njano, njano ikawa nyekundu ya tofali.

"Mama," alimgeukia Anatolia, "pale anapokojoa, umewahi kuona sisimizi?"

Anatolia alihisi baridi kutoka utosini. Akauona tena ule msururu chini ya mgomba.

"Umeona?"

"Nimeona, waitu daktari. Wengi."

"Ni sukari. Damu imejaa, figo zinaimwaga nje. Anakunywa nini huyu?"

"Muramba."

"Kiasi gani?"

"Kibuyu. Viwili. Tangu alipotubu."

Daktari hakuuliza katubu nini. Alimkandamiza Rwegoshora mbavuni, taratibu, macho akiyaelekeza dirishani. Kisha akavuta kiti. "Sikilizeni. Mwili ukipewa sukari nyingi kuliko kazi unayofanya, ini huigeuza mafuta, na mengine hubaki mle mle ndani yake. Ini la mlevi hujaa mafuta. La mtu ambaye hajawahi kuonja pombe nalo hujaa vilevile, na ukiligusa kwa mkono huwezi kujua hili ni la nani. Tumbo mnalolisifu huko kijijini lilikuwa linawaambia siku nyingi."

"Aliyetangulia alisema ni pombe," alisema Anatolia kwa sauti ndogo.

"Pombe gani? Huyu mzee anakunywa?"

Rwegoshora alilala macho juu ya dari. Anatolia ndiye aliyejibu, na hakujua jibu lilikotoka. "Hapana. Hanywi."

"Basi ni sukari na uzito. Awache muramba wote, hata wa kuonja. Maji. Maharage, mboga, ndizi za bitoke kidogo. Atembee, ashike jembe."

"Atapona?"

Daktari alivua miwani. "Ini hupungua mafuta likiwahiwa. La kwake lina ukingo ambao umeanza kuwa mgumu. Sijui kama tumewahi, mama. Ningekuwa najua ningekwambia."

Walipotoka hospitalini wakakaa kando ya barabara kungoja gari la kuwarudisha. Anatolia alikuwa na maneno mengi, yakagombana mlangoni mwa kinywa, yakatoka yasiyofaa.

"Ungeniambia!"

"Nilikwambia."

Lori la mbao likapita bila kusimama, likawarushia matope.

"Na kwa nini ulikubali? Mbele ya watu wote wale?"

"Ulisema niseme ukweli mwingine. Sikuwa nao. Nikaazima wa sisimizi wako." Hakusema kwa kejeli, alisema kama anavyosoma mizani. "Bora wao wanione mlevi kuliko wewe uende Rugera."

"Hata kibuyu," Anatolia alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi, wapita njia wakigeuka, "hata kibuyu ungekuwa unamwaga njiani, nani angekuona?"

"Siku moja nilikirudisha na kidogo. Unakumbuka? Ulinitazama kama unamtazama baba yako. Nikasema moyoni, uso huo siuoni tena. Basi nikawa nakimaliza." "Ule utamu, Anatolia, ulinichosha kabla Kokwijuka hajazaliwa."

Anatolia alijifunika uso kwa khanga. Hakuwahi kumpiga mtu, hakuwahi kumlaani mtu, na sasa aliona kwamba mikono yake mwenyewe ilikuwa imefanya kila alfajiri kile ambacho gongo lilimfanyia baba yake, huku ikinyooshewa vidole vya sifa. Alitamani ardhi ifunguke. Haikufunguka, gari likaja, wakapanda.

Ndugu walipanga Alhamisi ya kumrudisha Rwegoshora mezani pa Bwana, kwa kuwa toba yake ilionekana imekomaa. Alikwenda amekonda, shati likimwelea mabegani huku tumbo likiwa lile lile, na weupe wa macho ukianza kubadilika rangi. Anatolia aliiona rangi ile asubuhi, akaijua. Nyumba ya Ndyamukama ilijaa. Kwa furaha ya siku, Placidia alikuwa amekamua muramba mwenyewe, kibuyu kikubwa kuliko vyote, na baada ya wimbo akakileta kwa magoti, mrija umeelekezwa kwa mgeni wa heshima.

Mkono wa Rwegoshora ulinyooka wenyewe, kwa mazoea ya miaka mingi. Kabla haujafika, Anatolia alikuwa amekipiga kibuyu kofi. Kikaanguka kwenye mkeka, juisi ikatapakaa mpaka Placidia akakiwahi. Nyumba ikapiga kelele moja: kumbe bado anakunywa! Ndyamukama akainama, akachovya kidole kwenye mkeka, akakilamba.

"Mama Kokwijuka, hii si pombe. Ni muramba mtupu."

"Ndiyo huo!" alisema Anatolia. "Ndio uliomla ini." Akasimama katikati yao. "Ndugu zangu, leo natubu mimi. Mume wangu hakunywa hata tone. Ni sukari. Sisimizi walikuwa wa mkojo wake, daktari ameuchemsha mbele yangu. Ule muramba niliomkamulia ili asinywe pombe ndio uliomjaza mafuta ndani, na mimi ndiye niliyemlazimisha aseme uongo hapa."

Alingoja wimbo. Kila anayetubu huimbiwa. Hakuna aliyeimba.

"Maskini," Placidia alimnong'oneza jirani, kwa sauti iliyofika mpaka ukutani. "Anamfunika mumewe. Mke mwema."

Ndyamukama alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko ukali. "Dada yetu, ndugu alikiri kwa kinywa chake. Na mahali alipataja."

"Nilidanganya," alisema Rwegoshora.

"Ulidanganya lini, ndugu? Siku ile au leo?"

Swali lile halikuwa na mlango wa kutokea. Anatolia aligeuza macho kwa mmoja mmoja. Watu hawa waliiamini dhambi ya mumewe bila kuuliza ushahidi; leo anamsafisha, hawamwamini. Yeye ndiye aliyewafundisha kutomwamini mtu huyu, na walikuwa wanafunzi wazuri.

Ndyamukama akasema meza ya Bwana ingoje, tuendelee kuomba. Watu wakaanza kuinuka. Ndipo Placidia akakumbuka kibuyu, ambacho nusu yake ilikuwa imenusurika. "Jamani, kisilale na kitu," alisema. Wakakipitisha, kila mmoja akavuta mrija, mpaka kikafika kwa mwinjilisti, ambaye tumbo lake lilikuwa limeufikisha mkanda kwenye tundu la mwisho. Akakimaliza kwa pumzi moja, akakipindua juu chini kuonyesha kimekauka, akamtazama Anatolia, kwani sheria ile waliipata kwake.

Walirudi nyumbani kwa mguu, polepole, wakipumzika kila palipo na kilima. Walipofika Rwegoshora alikaa kwenye kigoda chake mlangoni.

"Wao hawakuamini," alisema. "Wewe unaamini?"

"Naamini, Baba Kokwijuka. Nisamehe. Naamini."

"Basi nipe maji."

Alimchotea mtungini kwenye kikombe cha bati. Rwegoshora alikunywa nusu, akamrudishia, akaegemea ukuta na kufumba macho yaliyokuwa na unjano. Giza lilikuwa linaingia na chemli ilikuwa bado haijawashwa. Anatolia aliyatazama maji yaliyobaki, akakiweka kikombe dirishani, akayaacha yalale.